Mtaa Ndio Kihamba Chetu: Historia Fupi ya Mji wa Kutembea kwa Miguu



Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha miaka kumi tukiwa bado tunasalimiana. Si vikundi vyote vinavyofika hapa. Vingine huvunjika mwaka wa kwanza tu, siku sanduku linapofunguliwa, na watu wakaacha hata kununuliana nyanya.

Kamati ya maadhimisho ilitupa kazi ya kuandika historia. Tulidhani itakuwa historia ya hisa, mikopo na marejesho, lakini hesabu hizo zimo katika taarifa ya mweka hazina. Tulipokaa na akina mama wa mwanzo tukawauliza, "Hivi sisi tulianzaje?", kila aliyejibu alianza na njia. "Nilikuwa natoka sokoni nikapita kwa mama fulani." "Nilikuwa napeleka uji kwa mgonjwa pale Mawenzi, nikakutana na fulani getini." Hakuna hata mmoja aliyesema alipanda gari. Ndipo tukaona kuwa historia ya kikundi hiki haielezeki bila historia ya mji wenyewe, mji ambao mtu anaweza kuuishi kwa miguu yake miwili.

Tena kuna jambo liko mezani kwa ajili ya mkutano mkuu wa mwaka huu. Tutalifikia mwishoni. Tunaomba msomaji avumilie kidogo, maana jambo hilo lina mizizi mirefu.

MOSHI YA JUU NA MOSHI YA CHINI

Wageni wengi hawajui kuwa Moshi ziko mbili. Ya kwanza iko juu mlimani, ndiyo ile tunayoiita Old Moshi. Hiyo ilikuwa nchi ya Mangi Rindi, ambaye watu wa misafara ya pwani na Wazungu walimjua kwa jina la Mandara. Rindi alifariki mwaka 1891. Mwanawe, Mangi Meli, aliwashinda Wajerumani vitani mwaka 1892. Mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine. Boma la Wajerumani lilikuwa hukohuko juu, kwenye migomba.

Mji tunaokaa sisi ulizaliwa na reli. Reli kutoka Tanga ilifika huku chini mwaka 1911, ikafunguliwa rasmi mwaka 1912. Treni haiwezi kupanda mlima kumfuata mkubwa, basi wakubwa wakateremka kuifuata treni. Serikali ikahamia chini, na maduka yakafuata. Mwezi Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakauchukua mji huu kutoka kwa Wajerumani.

Jambo la kuzingatia hapa ni kuwa mji huu ulianza kabla magari hayajawa mengi. Ulipangwa kwa ajili ya mtu anayeshuka kwenye treni na mzigo kichwani. Kwa hiyo stesheni, boma, maduka na soko viliwekwa karibu karibu. Hadi leo ukisimama kwenye mnara wa saa, hakuna ofisi ya muhimu utakayoitafuta kwa nauli.

Hatusemi kuwa waliopanga mji walitufikiria sisi. Katika utawala wa kikoloni watu waligawanywa kwa rangi. Wazungu walipewa upande wa juu wenye hewa nzuri na bustani, Wahindi wakakaa katikati juu ya maduka yao, na Mwafrika akaachiwa vitongoji vya pembeni. Kichekesho ni kwamba Shanty Town, ambayo jina lake kwa Kiingereza maana yake ni mtaa wa vibanda, ndiyo mtaa wa matajiri. Vibanda vyenyewe vilikuwa kwetu.

SHILINGI YA KAHAWA NA SHILINGI YA NDIZI

Historia ya Moshi imeandikwa mara nyingi, na mara nyingi ni historia ya kahawa. Hatuipingi. Wakulima wa Kichaga waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, mwaka 1925. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, mojawapo ya vyama vikuu vya ushirika vya Waafrika vya zamani kabisa barani. Kiwanda cha kukoboa kahawa kilianza mwaka 1920. Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 2014 kikawa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Jengo kubwa la KNCU pale katikati ya mji lilijengwa kwa jasho la mkulima, na kila Mchaga mzee akilipita hulitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyesoma.

Lakini kahawa ilikuwa ya baba. Kadi ya chama ilikuwa ya baba, na malipo yalichukuliwa na baba. Mama alikuwa na ndizi. Mama ndiye aliyeteremka alfajiri kutoka Uru, Kibosho na Old Moshi na mkungu kichwani, mtoto mgongoni, hadi sokoni. Aliuza, akanunua chumvi, mafuta ya taa na sabuni, akapandisha mlima tena kabla jua halijazama. Shilingi ya kahawa ilipita kwenye vitabu vya chama. Shilingi ya ndizi ilifungwa kwenye pindo la khanga, na haikuandikwa popote.

Njia zile za ndizi ndizo zilizotufundisha mji. Bibi zetu hawakujua kusoma majina ya barabara, lakini walijua mwenye duka yupi anakopesha chumvi, mti upi una kivuli, na ni wapi utamkuta mwanamke wa nyumbani kwenu aliyeolewa mjini akupe maji ya kunywa. Majina yenyewe ya barabara ni somo la historia kwa anayetembea. Utapita Rindi, utapita Rengua, aliyekuwa Mangi wa Machame zamani sana. Mwenye gari hupita majina hayo haraka. Mwenye miguu huulizwa na mtoto aliyemshika mkono: "Bibi, Rengua alikuwa nani?"

KIHAMBA CHA ASIYE NA KIHAMBA

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Kwa mila zetu za mlimani, kihamba hurithiwa na mtoto wa kiume. Ndipo walipozikwa mababu, ndipo penye migomba, kahawa na mfongo wa maji. Binti huolewa akaenda kwenye kihamba cha mwenzake. Akiachika, au akifiwa na mume na ndugu wa mume wakabadilika, anajikuta hana pa kusimama. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na tunazishukuru. Hata hivyo kila mmoja wetu anajua umbali uliopo kati ya kitabu cha sheria na kikao cha ukoo.

Mwanamke wa namna hiyo alikwenda wapi? Aliteremka mjini. Alipanga chumba kimoja Bondeni, Kiusa, Njoro au Majengo, katika nyumba ya Kiswahili. Nyumba zile mnazijua: mlango mbele wenye baraza, ukumbi unaopita katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani penye jiko, bomba na choo cha wote. Ukipanga chumba, umepanga na majirani. Huyu ni Mpare kutoka Same, huyu Msambaa aliyeletwa na reli, huyu bibi wa Kiswahili ambaye baba yake alikuja kutoka pwani, huyu Mchaga wa Rombo ambaye Kichaga chake na cha Mchaga wa Machame havielewani vizuri, basi wote wanarudi kwenye Kiswahili.

Uani pale mtu alijifunza mambo. Mchaga alijifunza kupika pilau na vitumbua. Mswahili alijifunza mtori na kiburu, na akajua kuwa mzazi wa Kichaga lazima anyweshwe mtori hata kama hana hamu. Mwezi wa Ramadhani waliofunga waligawa futari kwa wasiofunga. Krismasi Wachaga wakipanda mlimani, majirani Waislamu walibaki wakilinda nyumba na kulisha kuku. Adhana ya alfajiri na kengele ya kanisa tumezisikia kutoka kitanda kimoja. Kwetu huo haukuwa utalii wala tamasha la utamaduni, ndivyo siku ilivyoanza.

Hatutaki kupamba. Choo kimoja kwa vyumba nane ni mtihani. Mvua za masika zikija, mitaro hujaa na maji huingia hadi ukumbini. Kelele zipo, wizi wa sufuria upo, na maneno ya uani yamevunja urafiki wa miaka. Lakini kwa mwanamke asiye na kihamba, mtaa ule ulikuwa mahali pa kwanza ambapo hakuulizwa mume wako ni nani. Aliulizwa unauza nini.

MIAKA MIGUMU

Wanachama wetu wazee wanakumbuka vizuri miaka ya shida. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwemo. Kilirudi mwaka 1984. Katikati hapo kulikuwa na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kisha sabuni, sukari na khanga vikawa vya foleni. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na watu wa mjini waliohesabiwa kuwa hawana kazi walitakiwa warudi vijijini wakalime. Mama anayeuza maandazi alihesabiwa hana kazi, wakati maandazi yake ndiyo yaliyolisha watoto watano.

Mwaka 1984 masharti ya biashara yakaanza kulegezwa na mitumba ikaingia kwa wingi. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya kugawana soko la kahawa yakavunjika, bei ikaanguka, na baba wengi mlimani wakakata mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Tangu hapo shilingi ya mama, ile ya kwenye pindo la khanga, ndiyo iliyolipa ada za shule katika nyumba nyingi. Wako waliouza ndizi Mbuyuni, waliouza mitumba Kiboriloni, waliopika chakula karibu na stendi. Biashara hizo zote zilitegemea kitu kimoja: watu wanaopita kwa miguu. Mtu aliye ndani ya gari hanunui kitumbua kimoja.

Hata treni ya abiria iliyozaa mji huu ilikatika kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka iliporudi Desemba 2019. Siku ile ilipoingia kutoka Dar es Salaam, baadhi yetu tulikwenda stesheni kwa miguu kuipokea. Hatukuwa na mgeni. Tulitaka kuisikia tu.

SIKU MOJA YA MWENZETU

Ili wasomaji wa mbali waelewe, tueleze siku moja ya mwenzetu mmoja wa Kiusa, mama lishe, bila kutaja jina.

Saa kumi na moja alfajiri anawasha mkaa uani. Saa kumi na mbili na nusu uji, chapati na supu viko mezani barazani. Saa tatu anafunga, anatembea hadi Soko la Kati kununua viungo. Njiani anasimama mara nne. Kwa fundi cherehani anaulizia sare ya mtoto. Kwa mwenye genge analipa deni la jana. Kwa mgonjwa anachungulia mlangoni. Kwa mwenzake wa kikundi anaacha shilingi elfu tano ya rejesho, kwa kuwa wiki hii hataweza kuja. Akirudi anapitia shuleni kumpelekea mwanawe daftari. Mchana anapika machalari na wali. Jioni, mawingu yakiondoka, Kibo inaonekana nyeupe kule juu, na barazani wanakaa wenye nyumba, wapangaji na wapita njia. Hapo ndipo habari zote za mtaa husikika: nani kajifungua, nani kafiwa, nani anatafuta kijakazi, nani amekwama na kodi.

Mambo yote hayo hayakumgharimu hata senti moja ya nauli. Ukihesabu bodaboda kwa kila kituo alichosimama, faida ya chapati zote ingekwisha kabla ya saa sita. Wataalamu wanaweza kuliita mipango miji. Sisi tunaliita mtaji.

Binti wa mwenzetu mmoja, aliyesomea mambo ya mipango miji, alituambia jambo lililotufurahisha. Mwaka 1961, mwaka uleule tuliopata Uhuru na Mwenge ukawashwa kileleni Kilimanjaro, mwanamke mmoja wa New York, Jane Jacobs, alitoa kitabu cha kutetea mitaa ya watu wa kawaida dhidi ya mipango ya kuibomoa. Alisema usalama wa mtaa unatokana na macho ya watu waliopo pale: wenye maduka, wapita njia, akina mama madirishani. Mama yetu mmoja mzee aliposikia alicheka sana. "Yaani huko Marekani mpaka waandike kitabu? Mimi mtoto wa mtu akipita hapa na sare saa nne asubuhi, namuuliza anakwenda wapi."

SANDUKU LA KUFULI TATU

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye baraza la namna hiyo. Kabla yake tulikuwa na mchezo wa kupeana tu, kila wiki mmoja anapokea. Kisha tukajifunza utaratibu wa vikoba: hisa, mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba, mikopo kwa riba ndogo, na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na mwenye sanduku hana ufunguo.

Watu hutuuliza dhamana yetu ni nini. Hatuna hati za nyumba, wengi wetu ni wapangaji. Dhamana yetu ni kwamba tunaonana. Anayekopa tunajua kuwa asubuhi atapita hapa, na akianza kupita njia ya nyuma tunajua kuna tatizo. Hapo hatumpelekei barua. Anatumwa mtu mmoja anayemheshimu, akae naye jikoni. Mara nyingi hukuta mtoto anaumwa au biashara imelala, na rejesho linasogezwa mbele.

Tulipotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 kujisajili, tulijisajili. Mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iliposimamishwa Aprili 2023, hadi ilipoanza tena mwaka 2024, vikundi vingi vilitikisika. Sanduku letu halikutikisika kwa kuwa fedha zilikuwa zetu, na kila mmoja alijua ziko wapi.

KOSA LETU

Historia isiyotaja makosa ni risala ya mgeni rasmi. Kwa hiyo tutaje letu.

Manispaa ya Moshi ni ndogo, kilometa za mraba 59 tu. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu wapatao 27,000. Ya mwaka 2012 ilikuta 184,292, na ya mwaka 2022 ilikuta 221,733. Kodi imepanda. Warithi wa nyumba za Kiswahili wanauza, na nyumba inayouzwa hubomolewa likapanda ghorofa la maduka. Basi kila mwenye uwezo anatafuta kiwanja mbali: Mabogini, Msaranga, hata Boma Ng'ombe. Sisi kama kikundi tulilishangilia jambo hilo. Mwanamke kuwa na kiwanja chenye jina lake! Tulikopesha kwa moyo mmoja.

Mmoja wa tuliowakopesha ni dada yetu aliyekuwa akipika maandazi Bondeni. Ametupa ruhusa tusimulie, ila jina tuliache. Kamati ilikwenda kukagua kiwanja, ikapima hatua kwa hatua, ikaona karatasi za mauziano. Alijenga vyumba viwili, akahamia. Nyumba za jirani zilikuwa mbali, na barabara haikuwa na mpita njia. Maandazi yaliyokwisha Bondeni kabla ya saa moja asubuhi, kule yalilala mpaka jioni. Akaanza kuyaleta mjini kwa bodaboda, nauli ikameza faida. Akachelewa mikutanoni, tukamtoza faini. Akachelewa tena, tukamtoza tena. Mwishoni aliona aibu, akaacha kuja.

Halafu akaugua. Presha ilimpanda akiwa peke yake, akalala ndani siku tatu. Mtaani kwetu mlango ukifika saa tatu haujafunguliwa, mtu anagonga. Kule hakuna aliyegonga. Aliyemkuta ni kijana wa maji aliyefuata deni lake.

Tulipokwenda kumwona hospitali, hakutulaumu. Alisema neno moja tu: "Mlipima kiwanja vizuri sana. Hamkuniuliza nani atanigongea mlango." Tulirudi kimya siku hiyo. Tulikuwa tumempa ukuta, tukamwondolea mtaa, na juu yake tukamtoza faini.

Alipona, Mungu mkubwa. Ile nyumba ameipangisha, naye amerudi Bondeni kwenye chumba kimoja. Maandazi yanakwisha saa moja.

Lakini tuseme ukweli wote. Yuko mwenzetu mwingine aliyehamia Msaranga na hajuti. Ana kuku, ana ng'ombe mmoja wa maziwa, na hakuna wa kumwambia ahame. Anatukumbusha kila mara: "Ninyi mnausifu mtaa, haya, mwenye nyumba akiuza kesho mtalala barazani?" Na yametokea. Wanachama wetu wawili waliokaa nyumba moja kwa zaidi ya miaka kumi walipewa miezi mitatu watoke. Mama huyu hakosei. Sisi tuna njia, tuna majirani, tuna soko, lakini kuta si zetu. Mangi wa zamani alipogawa kihamba, alikigawa kwa wanaume. Mkoloni alipogawa viwanja, hakutuita. Na sisi tulipopata fedha, tulikimbilia kununua pembeni, tukawaachia wengine katikati.

JAMBO LILILO MEZANI

Kuna mapendekezo mawili kwa mkutano mkuu.

La kwanza linasema kwa kuwa wanachama wametawanyika, tuache kukutana kila wiki, kila mtu atume hisa kwa simu. Ni rahisi, na fedha haziibiwi njiani. Hatulidharau. Lakini simu itatuambia nani hajalipa, haitatuambia kwa nini. Sisi walioandika tunaomba simu itumike kwa mwenye dharura tu, na mkutano ubaki.

La pili ni zito zaidi. Linasema sehemu ya akiba yetu, badala ya kugawana yote kila mwaka, tuiweke kwa miaka kadhaa tununue pamoja nyumba moja ya Kiswahili hapahapa mtaani kabla haijabomolewa. Vyumba vikae wanachama wasio na pa kwenda, kwa kodi wanayoiweza, na barazani wauze biashara zao. Nyumba iwe ya chama, isiuzwe na mrithi yeyote. Ili kumiliki mali kwa namna hiyo, njia mojawapo ni kusajili chama cha ushirika chini ya sheria ya mwaka 2013. Kazi ipo, na wapo wanaoogopa. Wanakumbuka mwaka 1976, vyama vilivyovunjwa na mali iliyochukuliwa. Hofu yao ina msingi, nasi hatuna majibu yote. Lakini tunakaa katika mji wa KNCU na Chuo Kikuu cha Ushirika. Wakulima wa kahawa walijenga jengo lao hapa kwa senti walizoweka pamoja. Na wauza ndizi je?

Tunaomba kila mwanachama, kabla ya siku ya mkutano, afanye jambo moja. Aanzie mnara wa saa, ateremke kwa miguu hadi sokoni, apite Kiusa na Bondeni, ahesabu ni watu wangapi watakaomsalimu kwa jina. Kisha aende kwenye kiwanja chake cha mbali, kama anacho, ahesabu tena. Baada ya hapo apige kura yake, na kura yoyote atakayopiga tutaiheshimu.

Mkutano ni Jumamosi, saa nane mchana, barazani pale pale. Atakayechelewa kwa sababu ya umbali, safari hii hatutamtoza faini.